Hakufika vitani? Kuhusu wanaanga waliofia mafunzoni

Swali la msomaji: "Nimeolewa katika familia ya Uingereza. Baba mdogo wa baba mkwe wangu alikuwa mwanaanga wa jeshi la nchi hiyo. Alikufa mwaka 1942 akiwa na miaka 21, usiku, ndege ya mafunzo aliyokuwamo ilipogonga mlima huko Scotland. Wenzake wanne walikufa pamoja naye. Picha yake iko ukutani, lakini hazungumzwi sana. Kila Novemba, waliokufa vitani wanapotajwa, baba mkwe husema, 'Huyo maskini hakufika vitani, alipata ajali tu.' Shemeji yangu anataka twende mlimani tuchukue kipande cha ndege kiwe kumbukumbu nyumbani. Mama mkwe anataka tutengeneze kibao cha ukumbusho kiseme aliuawa akipambana na adui. Je, mtu kama huyu anahesabiwa miongoni mwa waliokufa vitani? Tuanzie wapi kumfahamu? Na kibao kiandikwe nini?"

Dada yangu, nikujibu kwanza lile ninaloona ndilo linalokukaa moyoni. Anahesabiwa. Anahesabiwa sawasawa na yule aliyetunguliwa juu ya Berlin, na hilo halitokani na huruma ya mtu yeyote. Ni kanuni iliyowekwa tangu Vita vya Kwanza vya Dunia.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa kwa hati ya kifalme mwezi Mei 1917. Mwanzilishi wake, Fabian Ware, alishikilia jambo lililowaudhi baadhi ya watu wenye uwezo wakati ule: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na mawe yafanane, awe jenerali au kuruta. Kwa Vita vya Pili vya Dunia, tume hiyo inamhesabu kila mwanajeshi aliyefariki akiwa katika utumishi kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyepigwa risasi yumo, aliyekufa kwa homa ya mapafu hospitalini yumo, na aliyeanguka na ndege siku yake ya kwanza ya kuruka peke yake yumo.

Mtazame jiwe lake mkifika kaburini. Ukiacha kona chache zenye mawe ya namna nyingine, jiwe la kawaida la tume lina kimo cha sentimita 81. Juu huchongwa nembo ya jeshi lake, na kwa mwanaanga wa Uingereza ni yule tai aliyekunjua mabawa. Kisha namba ya jeshi, cheo, jina, kazi yake ndegeni, tarehe na umri. Chini kabisa familia iliruhusiwa kuweka maneno yake yenyewe, machache tu. Sababu ya kifo haimo. Baba mkwe wako akisimama kati ya safu mbili za mawe hayo hataweza kutambua nani aliangushwa na mizinga ya Wajerumani na nani alipotelea kwenye ukungu wa Scotland. Waliopanga mawe yale walikusudia iwe hivyo.

Sasa idadi, maana neno "ajali tu" huwa linatoka kwa mtu asiyejua ukubwa wa jambo lenyewe. Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza ilikuwa na wanaanga wapatao 125,000 katika vita vyote, na 55,573 kati yao walikufa. Zaidi ya 8,000 katika hao walikufa kwa ajali, nje ya mashambulizi. Huko Marekani, jeshi la anga la nchi kavu lilipoteza watu karibu 15,000 kwa ajali za ndege ndani ya mipaka ya nchi yao wenyewe, mahali ambapo hakukuwa na adui hata mmoja angani. Hizi si pembe za historia ya vita. Bila mafunzo yale, na bila gharama ile ya watu, hakuna ndege ambayo ingevuka bahari kwenda kupigana.

Ili umwelewe kijana wenu, inabidi uelewe alikuwa wapi katika safari yake. Ndege ya watu watano usiku wa mwaka 1942, ikivuka Scotland, kwa kila dalili ilitoka katika kikosi cha mafunzo ya mapambano. Hii ndiyo ilikuwa hatua ambayo rubani, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na mpiga bunduki, waliokuwa wamefunzwa kila mmoja kivyake, walikutanishwa wawe kundi moja. Na walikutanishwa kwa namna ya ajabu kwa jeshi linalopenda amri: waliingizwa wote katika banda kubwa la ndege wakaambiwa wachaguane. Rubani anamtazama mwongoza njia, anapenda jinsi anavyozungumza, anamuuliza kama ana watu. Wiki chache baadaye watu hao hao wanakula pamoja, wanalala chumba kimoja, wanategemeana roho. Kwa hiyo wale wenzake wanne, dada, msiwachukulie kama abiria wengine waliokuwa karibu. Huenda yeye ndiye aliyewachagua, au wao walimchagua yeye.

Ndege walizopewa zilikuwa zimechoka. Wellington na Whitley nyingi za mafunzo zilikuwa zimeshatumika vitani, zikapitwa na wakati, zikateremshwa kwa wanafunzi. Injini ziligoma, hasa baada ya kuruka kwa nguvu zote, na ndege ya injini mbili iliyopoteza moja ikiwa chini karibu na ardhi ilitaka rubani mwenye uzoefu ambao mwanafunzi hakuwa nao. Rubani alifika kwenye vikosi hivi akiwa na saa kama 200 hivi za kuruka, na nyingi kati ya hizo alizipata mchana, mara nyingi Kanada au kusini mwa Afrika, chini ya anga safi. Kisha anarudishwa Uingereza ya Novemba yenye mvua, mawingu ya chini na miji iliyozimwa taa zote kwa hofu ya mabomu. Wakufunzi wao nao mara nyingi walikuwa wanaanga waliomaliza awamu ya mashambulizi 30 na kupelekwa kufundisha ili wapumzike. Wengine walikufa wakiwa katika mapumziko hayo. Jambo hilo huniumiza kila ninapolikuta kwenye faili: mtu amekwenda Ujerumani mara 30 akarudi, halafu anakufa kilomita chache kutoka uwanjani kwake akimfundisha kijana kutua usiku.

Na mpaka wenyewe kati ya mafunzo na vita haukuwa ukuta. Usiku wa 30 Mei 1942, Uingereza ilipotaka kupeleka ndege zaidi ya 1,000 kwa mpigo juu ya Köln, ndege hazikutosha. Zaidi ya 300 zilichukuliwa kutoka vikosi vya mafunzo, zikiendeshwa na wakufunzi na wanafunzi. Hata katika usiku wa kawaida, zoezi la mwisho la wanafunzi wengi lilikuwa kwenda kudondosha vikaratasi juu ya Ufaransa iliyokaliwa, na wapo waliokufa huko. Upande wa pili, mwezi huohuo wa Mei 1942, ndege tatu za Blenheim za kikosi cha Afrika Kusini ziliondoka Kufra, katika jangwa la Libya, kwa safari ya kuzoea eneo tu. Zilipotea njia zikatua jangwani. Kati ya watu 12, mmoja ndiye aliyekutwa hai. Wengine waliuawa na kiu na jua. Hakuna risasi ya adui iliyopigwa, lakini sidhani kama kuna mtu angethubutu kuwaambia ndugu zao kwamba wale hawakufika vitani.

Shemeji yako atauliza, nadhani, mtu mwenye ramani na vyombo anagongaje mlima. Hili nitalieleza polepole, kwa sababu familia nyingi hubeba miaka nenda rudi wazo kwamba mpendwa wao alifanya upumbavu.

Usiku, juu ya mawingu, bila rada ya kumsaidia, mwongoza njia alikuwa na dira, saa na kipimo cha mwendo. Anajua ameelekea wapi, kwa kasi gani, kwa dakika ngapi. Kutokana na hayo anahesabu yuko wapi. Kinachoharibu hesabu ni upepo. Upepo ukivuma kilomita 40 kwa saa zaidi ya ulivyotabiriwa, baada ya saa moja ndege iko kilomita 40 kando ya alama iliyochorwa kwenye chati, na hakuna chombo ndani kinachopiga kelele kusema hivyo. Kisha kuna kipima kimo. Kile cha wakati ule kilipima mgandamizo wa hewa, kikalinganishwa na mgandamizo wa uwanja walikoondokea. Ndege ikiingia katika hali mbaya ya hewa, mgandamizo hushuka, na chombo huanza kuonyesha kimo kikubwa kuliko ukweli. Mgandamizo ukipungua milibari 10 tu, ndege iko chini kwa mita 80 hivi kuliko sindano inavyosema. Ongeza barafu inayoganda kwenye mabawa na kuivuta ndege chini. Sasa rubani anaamini yuko juu ya bahari, anataka kushuka chini ya mawingu aone mwanga wa pwani ajue alipo. Anashuka taratibu, kama alivyofundishwa. Mlima unakuwa ndani ya wingu. Katika ajali nyingi za namna hii hakuna aliyepata hata muda wa kuogopa.

Huko huko Scotland kuna mlima uitwao Ben More Assynt, wenye kimo cha mita 998. Tarehe 13 Aprili 1941 ndege ya mafunzo aina ya Anson iliyoondoka kambi ya Kinloss na watu sita ilipigwa na dhoruba ya theluji ikaangukia huko. Mabaki hayakuonekana mpaka mwishoni mwa Mei. Mahali penyewe ni pa mbali na pagumu kiasi kwamba iliamuliwa wazikwe palepale, na rundo la mawe likawekwa juu yao. Miaka ilipita, baridi ikaling'ata rundo lile. Mwaka 2013 Tume ya Makaburi iliagiza jiwe jipya la matale lenye uzito wa zaidi ya kilo 600, na jeshi la anga likalibeba kwa helikopta ya Chinook hadi juu ya mlima. Kwa watu sita waliokuwa kwenye mafunzo. Mweleze baba mkwe kisa hiki, na umwache akitafakari mwenyewe.

Cha pili kiko Uingereza yenyewe, juu ya kilima cha Buckden Pike, Yorkshire. Hiki ndicho ninachokirudia kuliko vyote. Wellington ya wanafunzi Wapolandi sita iliondoka Bramcote tarehe 30 Januari 1942, ikagonga kilima katikati ya dhoruba ya theluji. Wanne walikufa papo hapo. Mpiga bunduki wa mkiani, Joe Fusniak, alitoka akiwa amevunjika kifundo cha mguu. Mwenzake mmoja alikuwa bado anapumua. Fusniak akamfunika kwa parachuti, akaanza kujikokota kwenda kutafuta msaada bila kuona mbele. Katika theluji akakuta nyayo za mbweha. Akafikiri hivi: mnyama mwenye njaa, wakati wa baridi kama huu, lazima anaelekea kwenye nyumba za watu. Akazifuata nyayo akishuka kilima, akafika kwenye kijiji kidogo cha Cray, watu wakamwokoa. Mwenzake aliyemwacha alikufa. Mwaka 1973 Fusniak aliwajengea wenzake watano msalaba wa mawe palepale juu, vipande vya ndege vikiwa vimezamishwa kwenye kitako chake, na chini akaweka kichwa kidogo cha mbweha cha shaba. Wapanda milima hupita hapo mpaka leo, wakasimama, wakasoma. Kumbukumbu ile inasema ukweli mtupu: walikuwa wanafunzi, theluji iliwazidi, mmoja akaishi kwa sababu ya nyayo za mnyama. Sioni kitu ambacho kingeongezwa hapo na kikaifanya iwe na heshima zaidi.

Tena wapo waliofia mbali zaidi na kwao. Uingereza ilikuwa nchi ndogo, yenye hali mbaya ya hewa na yenye kufikiwa na ndege za adui, kwa hiyo mafunzo yalitawanywa duniani. Mpango uliosainiwa Ottawa tarehe 17 Desemba 1939 ulitoa wanaanga zaidi ya 130,000 nchini Kanada peke yake. Rhodesia ya Kusini ilifungua viwanja vyake kuanzia 1940, Afrika Kusini nayo, na Kenya ilikuwa na kikosi cha mafunzo cha ndege za Blenheim pale Nakuru. Popote palipofunguliwa shule ya urubani, baada ya miezi michache palikuwa na makaburi. Mnara wa kumbukumbu wa Ottawa, ulioko kwenye kisiwa cha Green, una majina kama 800 ya wanaanga waliopotea katika eneo hilo la dunia na hawana kaburi linalojulikana. Wengi wao walimezwa na maziwa na bahari.

Huko Arcadia, Florida, wamelala vijana 23 wa Uingereza waliofia mafunzoni. Kila mwaka, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka wanajeshi wao waliokufa, wenyeji hukusanyika kwenye kipande hicho cha makaburi kuwakumbuka wageni hawa. John Paul Riddle, Mmarekani ambaye kampuni yake ndiyo iliyoendesha shule zilizowafundisha, alifariki mwaka 1989, na kwa matakwa yake alizikwa pamoja nao. Katika mji wa Miami, Oklahoma, mama mmoja wa hapo alijitwika kazi ya kutunza makaburi ya vijana 15 wa Uingereza, akaifanya kwa miongo mingi bila kuagizwa na mtu, mpaka alipofariki naye akazikwa jirani yao. Na katika milima ya Kiamichi, jimbo hilohilo, ndege mbili za mafunzo zilizokuwa zimetoka Terrell, Texas, zilianguka tarehe 20 Februari 1943 katika hali mbaya ya hewa, wakafa wanafunzi wanne. Miaka 57 baadaye, tarehe ileile, watu wa eneo hilo walizindua mnara msituni wenye majina yao. Hawa wote hawakuwa na undugu wa damu na marehemu. Wewe umeolewa tu katika ukoo huo na ndiye unayeuliza maswali. Usijione mgeni katika jambo hili.

Ukitaka kuona kutohesabiwa kwa kweli kukoje, watazame marubani wanawake wa Marekani waliojulikana kama WASP. Wanawake 38 kati yao walikufa, wengine mafunzoni Sweetwater, Texas, wengine wakisafirisha ndege au wakizijaribu. Kisheria walikuwa raia, kwa hiyo jeshi halikugharamia kusafirisha miili wala mazishi, na familia hazikuwa na haki ya bendera juu ya jeneza. Wenzao walichanga pesa kutoka mifukoni ili marehemu arudi kwao. Ilichukua mpaka 1977 sheria iwatambue kuwa walikuwa wanajeshi. Kijana wenu hakukataliwa na taifa lake hata siku moja. Waliomkataa ni ndugu zake, bila kujua, kwa neno "tu".

Tuje kwenye kumtafuta. Anza na hifadhidata ya Tume ya Makaburi kwenye intaneti, ni bure. Itakupa namba yake ya jeshi, kikosi wakati mwingine, na mahali alipozikwa. Usishangae kaburi lisipokuwa Scotland. Familia za Uingereza ziliweza kuomba mwili uletwe uzikwe kwao, kwa hiyo watu wa ndege moja mara nyingi wametawanyika: mmoja kwenye uwanja wa kanisa la kijijini kwao, mwingine jijini, na yule wa Kanada au Australia karibu na kambi, kwa sababu kwao kulikuwa mbali mno. Akiwa hana kaburi kabisa, jina lake litakuwa kwenye mnara wa Runnymede, uliozinduliwa Oktoba 1953, wenye majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wa aina hiyo.

Baada ya hapo, kama alikuwa chini ya Kamandi ya Ndege za Mabomu, tafuta jina lake katika hifadhidata ya vifo ya kituo cha kumbukumbu cha kamandi hiyo kilichoko Lincoln. Waliofia mafunzoni wamo humo, na kwenye kuta za chuma za kituo hicho majina karibu 58,000 yamekatwa bila kuwatenga. Kisha kuna kadi ya ajali, inayoitwa Fomu 1180, iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Jeshi la Anga jijini London. Ni kadi ndogo, maneno machache, lakini hutaja aina ya ndege, kazi iliyokuwa ikifanyika na uamuzi wa wachunguzi. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew ina mafaili ya vifo vya wanaanga katika fungu la AIR 81, ambayo yamekuwa yakifunguliwa kidogo kidogo kwa kufuata tarehe za vita, na shajara za vikosi vya mafunzo katika fungu la AIR 29. Ndani ya faili la AIR 81 unaweza kukuta barua ya mama yake akiuliza saa yake ya mkono iko wapi. Jiandae kwa hilo, na usilisome mbele ya baba mkwe kabla hujalisoma peke yako.

Njia moja ambayo watu huisahau ni kupitia wenzake. Kama mmoja wa wale wanne alikuwa Mkanada, faili lake la utumishi liko katika hifadhi ya taifa ya Kanada na limewekwa mtandaoni. Kama alikuwa Mwaustralia, faili la kifo chake katika hifadhi ya nchi hiyo, fungu la A705, mara nyingi huwa na maelezo marefu ya ajali kuliko yanayopatikana Uingereza. Ajali ni ileile moja. Unachokikosa kwa wenu unaweza kukipata kwa mwenzake.

Utakapoipata kadi ya ajali, huenda ukakuta imeandikwa kwamba kosa ni la rubani, au la mwongoza njia. Naomba sana mlisome neno hilo kwa uangalifu. Uchunguzi wa wakati ule ulifanywa haraka, kwa mabaki yaliyoungua, na mtuhumiwa hakuwa hai kujitetea. Mara nyingi wachunguzi waliandika kitendo cha mwisho kwenye mnyororo: alishuka chini ya kimo salama. Nani alimtuma usiku ule, utabiri wa upepo ulikuwaje, redio ilifanya kazi au la, hayo yalibaki nje ya kadi. Frank Moody, rubani kijana Mweusi wa Marekani kutoka kundi la Tuskegee, alianguka katika ziwa Huron tarehe 11 Aprili 1944 akiwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Mabaki ya ndege yake yaligunduliwa chini ya ziwa mwaka 2014. Wanaakiolojia walipoyachunguza walikuta panga la propela ya ndege limetobolewa na risasi za bunduki zake mwenyewe: mtambo uliotakiwa kuzifanya risasi zipite katikati ya mapanga ulikuwa umekosea wakati. Kijana yule hakukosea lolote. Ilibidi ipite miaka 70 ili ijulikane.

Na hata kama wenu alikosea kweli, alikuwa na miaka 21, akifanya gizani kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kwa wingi ule kabla ya kizazi chake. Msifiche kosa, na msimhukumu kwalo.

Kuhusu shemeji yako na kipande cha ndege, jibu ni hapana, na hapa sina njia ya katikati. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi inahusu kila ndege ya kijeshi iliyoanguka ndani ya nchi hiyo, ya mafunzo na ya mapambano, bila kuhitaji kutajwa moja moja. Kuchimba, kusogeza au kuondoa chochote bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai. Lakini hata pasingekuwa na sheria ningemwomba asiguse. Milima ile ya Scotland, na ya eneo la vilima la Peak District kusini zaidi, ilikuwa na mabaki mengi zaidi miaka ya nyuma. Yamebebwa kipande kwa kipande na watu wenye nia njema kabisa, kila mmoja akidhani chake ni kimoja. Familia za wale wanne wengine nazo zinaweza siku moja kupanda huko. Nendeni, simameni, pigeni picha, someni majina yote matano kwa sauti, mrudi mikono mitupu. Mwende wakati wa kiangazi, na mtu anayeijua milima hiyo. Theluji na ukungu vilivyowaua wengi wa namna yake bado vipo. Mkitaka kuweka alama yoyote pale juu, hata ndogo, mwenye ardhi lazima akubali kwanza kwa maandishi.

Imebaki ya mama mkwe. Namwelewa, na nia yake ni upendo mtupu: anadhani kifo cha vitani kitampa kijana heshima aliyonyimwa. Lakini akiandika kwamba alikufa akipambana na adui, atakuwa amekubaliana na baba mkwe kwamba kufa mafunzoni ni pungufu, na pia atawafuta wale wanne, maana kibao chenu hakitalingana tena na makaburi yao wala na kumbukumbu za kwao. Mjukuu atakayekuja kutafuta miaka 30 ijayo atakuta uongo, na ataanza kushuku hata yaliyo ya kweli.

Mimi ningeandika hivi: jina lake na cheo, kazi yake ndegeni, kisha "alifariki katika utumishi wa vita, safari ya mafunzo ya usiku", tarehe, jina la mlima, halafu "pamoja na wenzake", na majina yao manne kwa herufi za ukubwa uleule. Kabla hamjakichonga, subirini kadi ya ajali na faili vifike, kwa sababu tarehe za kwenye picha za nyumbani na tahajia za majina hukosewa mara nyingi, na shaba haifutiki. Kama mnaweza kuipata hata familia moja katika zile nne, wapelekeeni maneno kwanza wayasome. Namba yake ya jeshi iandikeni juu kabisa ya kila barua mtakayotuma kwa hifadhi yoyote. Majina yanafanana, namba ni yake peke yake.